Nani Aliuliza Swali Hili?

 Leo nazungumza kwanza na wanafunzi wa sekondari, kisha na walimu wao. Wazazi nanyi msiondoke, kwa sababu mna sehemu yenu katika jambo hili.

Katika mtihani wa fizikia wa kidato cha nne kuna aina ya swali ambalo kila mtahiniwa analijua: swali la kuoanisha. Orodha A upande huu, Orodha B upande ule. Darasani nako walimu wengi hulitumia kwa namna hii: huku zimeandikwa fomula, kule majina ya wanasayansi, mwanafunzi achague kipi kinakwenda na kipi. Kani ni sawa na tungamo mara mchapuko: Newton. Volti ni sawa na mkondo mara ukinzani: Ohm. Nishati ni sawa na tungamo mara mraba wa mwendo wa nuru: Einstein. Maksi tatu zimeingia, tunahamia swali linalofuata.

Nina jambo moja la kusema jioni hii. Kati ya fomula na jina kuna kitu cha tatu, na hicho ndicho chenye uzito: swali. Mtu fulani, mahali fulani, aliona jambo likamsumbua. Akauliza, akapima, akakosea, akapima tena, na fomula ikaja kuwa jibu lake. Mwanafunzi anayelijua swali, hata fomula ikimtoka kichwani katika chumba cha mtihani, anaweza kukaa akaitafuta upya. Anayejua jina peke yake hana pa kuanzia. Na bonde hili la Kilombero ni mahali pazuri mno pa kujifunzia hivyo, maana maswali yenyewe yanaishi hapa, katika mito, milima na nyumba zetu.

Twende Kihansi. Mto Kihansi unashuka kutoka safu ya Udzungwa na kuingia bondeni kwetu. Pale kwenye ukingo wa milima maji yake yamechepushwa, yakaingizwa ndani ya mwamba na kuteremshwa kwa takriban mita 850 hadi kwenye mitambo mitatu ya umeme. Kila mtambo una uwezo wa megawati 60, jumla megawati 180. Mto wenyewe si mkubwa. Sasa mtu akisimama kandokando yake na kuuliza, umeme wote ule unatoka wapi katika mto mdogo kama huu, ameshaingia kwenye fizikia kabla hajafungua daftari.

Jibu lake ni hesabu fupi. Chukua mita moja ya ujazo ya maji. Ni kilo 1,000. Zidisha kwa mvuto wa dunia, 9.8, kisha zidisha kwa kimo cha anguko, mita 850. Unapata jouli zipatazo milioni 8.3. Kwa hiyo kila sekunde ikiteremka mita moja ya ujazo, una megawati 8 na ziada kidogo. Ili ufike megawati 180 unahitaji mita za ujazo kama 22 kwa sekunde, na zaidi ya hapo kidogo kwa sababu hakuna mtambo usiopoteza kitu.

Sasa linganisha na Kidatu, kwenye Ruaha Mkuu, ambako umeme ulianza kuzalishwa mwaka 1975. Uwezo wa Kidatu ni megawati 204, karibu na ule wa Kihansi. Lakini pale maji yanaanguka takriban mita 175 tu. Mita ya ujazo moja inaleta megawati 1.7, basi zinahitajika mita za ujazo zaidi ya 110 kila sekunde. Mto mdogo wenye anguko refu unakaribiana na mto mkubwa wenye anguko fupi. Fomula ni ile ile moja. Mwanafunzi wa Kilombero aliyewahi kupita Kidatu, au aliyewahi kuona milima ya Udzungwa inavyosimama ghafla juu ya mashamba ya mpunga, ameshaiona fomula hiyo kwa macho yake.

Ni ya nani? Hapo ndipo swali la kuoanisha linapopata taabu. Galileo alichunguza vitu vinavyoanguka. Newton, mwaka 1687, alieleza mvuto na mwendo kwa sheria zake. Mfaransa Coriolis, mwaka 1829, ndiye aliyeipa kazi maana tunayoitumia leo, kani mara umbali. Mskoti Rankine, mwaka 1853, ndiye aliyekipa jina kile tunachokiita nishati tuli, nishati ya kitu kilichoko juu kinachosubiri kushuka. James Watt, ambaye jina lake tunalitamka kila tunaposema wati na megawati, alikuwa na swali la kibiashara: mashine yangu ya mvuke inafanya kazi ya farasi wangapi? Alitaka wenye migodi na viwanda wajue wanachonunua. Hesabu moja ya Kihansi, na ndani yake wapo watu watano wa nchi nne waliopishana kwa zaidi ya miaka 200.

Na kuna wa sita. Evangelista Torricelli, Mtaliano aliyekuwa mfuasi wa Galileo, alitaka kujua maji yanayotoka kwenye tundu chini ya chombo yanatoka kwa kasi gani. Mwaka 1644 alitoa jibu: kwa kasi ile ile ambayo kitu kingekuwa nayo kama kingeanguka bure kutoka usawa wa maji hadi kwenye tundu. Leo tunaiandika kwamba kasi ni kipeuo cha pili cha mbili mara mvuto mara kimo. Ipeleke fomula hiyo Kihansi. Mbili mara 9.8 mara 850, tafuta kipeuo cha pili: unapata karibu mita 129 kwa sekunde. Hizo ni zaidi ya kilomita 460 kwa saa. Maji ya Udzungwa yanapiga gurudumu la mtambo kwa kasi inayokaribia hiyo. Na gurudumu lenyewe ni la namna aliyoibuni Lester Pelton, fundi aliyefanya kazi kwenye machimbo ya dhahabu ya California na kusajili uvumbuzi wake mwaka 1880. Vikombe vyake vimegawanywa katikati ili maji yageuke nyuma na kuacha karibu nguvu zao zote kwenye gurudumu.

Msikilizaji, hatujamaliza na Kihansi. Fomula inataja maji, kimo na mvuto. Haitaji kitu kingine chochote kilichokuwa kikiyategemea maji yale. Chini ya maporomoko, kwenye manyunyu yasiyokatika mwaka mzima, aliishi chura mdogo wa rangi ya dhahabu ambaye hakupatikana mahali pengine popote duniani, na ambaye huzaa watoto badala ya kutaga mayai. Maji yalipochepushwa kwenda kwenye mitambo, manyunyu yakapungua sana. Viliwekwa vinyunyizio kujaribu kuyarudisha, lakini chura yule alitoweka porini, na mwaka 2009 ikatangazwa rasmi kwamba hayupo tena katika mazingira yake ya asili. Alinusurika kwa sababu baadhi yao walikuwa wamepelekwa Marekani na kutunzwa katika bustani za wanyama za Bronx na Toledo. Kuanzia mwaka 2012 walianza kurejeshwa kwenye makao yao ya Kihansi.

Nalileta hili kwa makusudi. Umeme wa Kihansi tunauhitaji, na taifa lilifanya kazi kubwa kuupata. Lakini mwanafunzi afundishwe mapema kwamba fomula hujibu swali lililoulizwa, na hujibu hilo tu. Anayejua swali anajua pia mipaka ya jibu. Leo maji ya Kilombero yana wajibu mkubwa zaidi, kwa kuwa zaidi ya nusu ya maji ya Rufiji yanatoka kwenye bonde hili, na chini huko kuna Bwawa la Nyerere lenye uwezo wa megawati 2,115. Vijana watakaokokotoa maji hayo kesho, wakulima wa mpunga na wavuvi wa Kindamba wanawategemea wakumbuke kuuliza na kile ambacho fomula haikukiandika.

Sasa tugeukie umeme wenyewe. Gurudumu limezunguka, umeme umezaliwaje? Kwenye Orodha B mwanafunzi atachagua Faraday, na atapata maksi yake. Lakini asikilize habari hii. Michael Faraday alikuwa mtoto wa mhunzi wa Uingereza. Elimu ya shule aliyoipata ilikuwa ndogo sana. Akiwa na miaka 14 alianza kujifunza kazi ya kujalidi vitabu, akawa anavisoma anavyovijalidi. Mwaka 1820 Mdenmark Ørsted alikuwa ameonyesha kwamba waya wenye umeme unageuza sindano ya dira. Faraday akalishika swali na kuligeuza: ikiwa umeme unaleta usumaku, je, usumaku hauwezi kuleta umeme? Mwaka 1831, baada ya miaka ya kujaribu, akapata jibu. Sumaku ikitulia haileti kitu. Ikisogea, umeme unapita. Kihansi, Kidatu na mitambo yote ya Bwawa la Nyerere imesimama juu ya jibu hilo.

Lakini fomula inayoitwa ya Faraday hakuiandika Faraday. Hesabu za namna hiyo hakuwa nazo. Aliandika kwa maneno na kuchora mistari ya nguvu za sumaku. Waliokuja kuigeuza kuwa hesabu ni wengine, akiwamo Mjerumani Franz Neumann mwaka 1845, na baadaye Mskoti James Clerk Maxwell. Na hata milinganyo minne inayoitwa ya Maxwell, Maxwell hakuiandika hivyo. Mwaka 1865 alitoa milinganyo 20. Aliyeifupisha kuwa minne miaka kama 20 baadaye ni Oliver Heaviside, mtu aliyeacha shule akiwa na miaka 16 na kufanya kazi ya telegrafu. Maxwell alikuwa ameshafariki mwaka 1879, bila kuona uthibitisho wa mawimbi aliyoyatabiri. Heinrich Hertz aliyathibitisha maabarani huko Karlsruhe, Ujerumani, kati ya 1886 na 1888.

Mawimbi hayo ndiyo yanayokufikishia sauti yangu sasa hivi. Chukua mwendo wa nuru, mita milioni 300 kwa sekunde, ugawe kwa masafa ya redio ya megahezi 100, utapata mita tatu. Huo ndio urefu wa wimbi moja la redio ya FM iliyo kwenye namba 100. Kila mwenye redio nyumbani ana fizikia ya Faraday, Maxwell, Heaviside na Hertz mezani. Mwulize mwanafunzi wako hapo ulipo, redio yetu iko kwenye namba ngapi, na wimbi lake lina urefu gani. Atakokotoa kabla chai haijapoa.

Hata Newton ana habari ya namna hii. Katika kitabu chake cha 1687 aliieleza sheria ya pili kwa maneno, akizungumzia mabadiliko ya mwendo. Aliyeiandika kama mlinganyo wa kani, tungamo na mchapuko ni Mswisi Leonhard Euler, katikati ya karne ya 18. Hili halimpunguzii Newton kitu. Linatufundisha kwamba jina lililobaki kwenye fomula ni la mmoja kati ya wengi, na kwamba wengine walifanya kazi kubwa sana bila kutajwa kwenye Orodha B yoyote.

Walimu wangu, mimi nawaheshimu, na nina habari yenu pia. Georg Ohm, mwenye ile volti sawa na mkondo mara ukinzani, alikuwa mwalimu wa sekondari. Alifundisha hesabu na fizikia katika shule moja ya Köln, Ujerumani. Vifaa vya majaribio alitumia vya shule, na nyaya akatengeneza mwenyewe, za urefu na unene mbalimbali, akipima umeme unavyopita katika kila mmoja. Mwaka 1827 alitoa kitabu chake. Kwao hakikupokelewa vizuri. Ilimbidi kusubiri hadi 1841 ndipo Jumuiya ya Kifalme ya London ikampa nishani yake kubwa. Mwalimu unayefundisha Ifakara, au Mngeta, au Mlimba, ukiwa na betri, nyaya na balbu chache, umekaa mahali alipokaa Ohm. Wape watoto waya mrefu na waya mfupi. Waulize: balbu ipi itang'aa zaidi, na kwa nini? Ukianza na hilo, fomula ikija ubaoni baadaye itakuta watu wanaoisubiri.

Na wale walio karibu na Mang'ula wana maabara kubwa kuliko yoyote: Maporomoko ya Sanje, ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Milima ya Udzungwa. Maji yanashuka jumla ya mita 170. James Joule, mtoto wa mwenye kiwanda cha bia karibu na Manchester, alikuwa na swali hili: kazi ikipotea, inakwenda wapi? Alizungusha makasia madogo ndani ya maji kwa kutumia vitu vizito vinavyoshuka, akapima joto la maji, akaona linapanda. Kazi haikupotea, ilikuwa imegeuka joto. Mwaka 1845 akaandika kwamba hata maporomoko ya Niagara yatakuwa na joto zaidi chini kuliko juu, akakadiria tofauti ndogo sana.

Tufanye hesabu yake kwa Sanje. 9.8 mara 170, gawanya kwa 4,200, ambayo ni nishati inayohitajika kupasha kilo moja ya maji nyuzi moja. Jibu ni karibu nyuzi 0.4 za Selsiasi. Kwa fomula peke yake, maji ya chini ya Sanje yatakuwa na joto zaidi ya yale ya juu kwa nyuzi 0.4. Lakini kuna upepo, kuna jua, na kuna maji yanayogeuka mvuke njiani na kuondoka na joto. Je, kipimajoto kizuri kitaonyesha nini hasa? Hapo ndipo mwanafunzi anapoanza kuwa mwanasayansi: anapolijua jibu la kitabu na bado anataka kwenda kupima. Shule zinazopeleka wanafunzi hifadhini kwa ziara zingeweza kubeba vipimajoto viwili na daftari moja.

Sasa nifike kwa mtu wa nyumbani. Kwenye Orodha B yetu majina karibu yote ni ya Ulaya, na mtoto anaweza kudhani kwamba kuuliza ni kazi ya watu wa huko. Mwaka 1963, katika Shule ya Sekondari Magamba, Lushoto, mwanafunzi wa kidato cha tatu aitwaye Erasto Mpemba alikuwa akitengeneza aiskrimu pamoja na wenzake. Walichemsha maziwa, wakatia sukari, na kwa kawaida waliyaacha yapoe kabla ya kuyaweka kwenye jokofu. Nafasi ilikuwa inagombaniwa. Mpemba akaogopa kuikosa, akaweka maziwa yake yakiwa ya moto. Alipokuja kutazama, ya kwake yalikuwa yameganda na ya mwenzake aliyeweka ya baridi bado.

Alimwuliza mwalimu, akaambiwa amechanganyikiwa, haiwezekani. Na mwalimu yule alikuwa na sababu ya kusema hivyo, tena sababu yenye jina kubwa. Mwaka 1701 Newton alieleza kanuni ya kupoa: kitu hupoa kwa kadiri ya tofauti kati ya joto lake na joto la mazingira yake. Kwa kanuni hiyo cha moto hupoa upesi mwanzoni, lakini lazima kipite kwenye kila nyuzi ambayo cha vuguvugu kilikwishapita, na hakiwezi kukikuta wala kukipita. Basi mtoto wa Lushoto alikuwa ameona kitu kilichopingana na Newton. Na jambo la kukumbuka: makala ile ya 1701 Newton aliichapisha bila kuweka jina lake.

Mpemba hakuliacha swali. Alipofika Shule ya Sekondari Mkwawa, Iringa, aliliuliza tena, na akaambiwa kwa kejeli kwamba hiyo ni fizikia ya Mpemba, wala si ya ulimwengu. Kisha Dakta Denis Osborne wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, wakati huo kikiitwa Chuo Kikuu Kishiriki, akafika Mkwawa kutoa mhadhara. Mpemba akasimama mbele ya wote akauliza: vyombo viwili vinavyofanana, maji ya kiasi kile kile, moja lina nyuzi 35 na lingine nyuzi 100, vikiwekwa kwenye friza, kwa nini lile la nyuzi 100 linaganda kwanza? Wenzake wakacheka. Osborne hakucheka. Alirudi Dar es Salaam, akaagiza jaribio lifanywe, na mwaka 1969 yeye na Mpemba wakachapisha makala pamoja katika jarida la ualimu wa fizikia la Uingereza. Wakati huo Mpemba alikuwa akisoma Chuo cha Usimamizi wa Wanyamapori Mweka, na utumishi wake ulikuwa katika wanyamapori. Jina lake likabaki kwenye fizikia: Athari ya Mpemba.

Walikuwapo waliowahi kuliona jambo hilo kabla yake. Aristotle alilitaja, na baadaye Francis Bacon na Descartes. Lakini Mpemba ndiye aliyelirudisha mezani, kwa kuuliza bila kuchoka. Na hadi leo wanasayansi wanalibishania. Wengine wameeleza kwa maji yanayopungua kwa mvuke, wengine kwa hewa iliyoyeyuka ndani ya maji, wengine kwa mizunguko ya maji ndani ya chombo. Mwaka 2016 watafiti wa Uingereza walipima kwa uangalifu mkubwa na kusema hawakuona ushahidi wa kutosha kwamba maji hufanya hivyo. Mwaka 2020 Avinash Kumar na John Bechhoefer wa Chuo Kikuu cha Simon Fraser, Kanada, walionyesha athari hiyo waziwazi kwa chembe ndogo ndani ya maji, katika jaribio lililodhibitiwa. Hiyo ndiyo sayansi iliyo hai. Swali la mtoto wa kidato cha tatu wa Magamba limewafanyisha kazi maprofesa kwa zaidi ya miaka 50, na fomula moja ambayo wote wameikubali kwa maji ya kawaida bado haijaandikwa.

Nimalizie kwa hesabu ambayo bonde hili limeichangia kwa jasho na damu yake. Aliyeianzisha hakuwa mwanafizikia. Alikuwa daktari, Ronald Ross, aliyefanya kazi ya udaktari wa serikali ya kikoloni India. Mwaka 1897 aliona kimelea cha malaria ndani ya mbu. Kisha akauliza swali la namna ya wanafizikia: ili malaria iishe, ni lazima tuue kila mbu? Akaandika milinganyo, na jibu likawa hapana. Wakipungua chini ya kiwango fulani, ugonjwa hautaweza kujiendesha. Katika miaka ya 1950 George Macdonald akaiendeleza hesabu hiyo na kuonyesha kitu kimoja kikubwa: la muhimu zaidi ni mbu anaishi siku ngapi.

Sikiliza kwa nini. Kimelea kinahitaji takriban siku 10 au zaidi ndani ya mbu kabla hajaweza kuambukiza. Tuseme kila siku mbu 90 kati ya 100 wanaamka hai. Zidisha 0.9 kwa yenyewe mara kumi: wanaofika siku ya kumi ni 35. Sasa tuseme tumepunguza kidogo tu, wanaamka hai 80 kati ya 100. Zidisha 0.8 mara kumi: wanaofika ni 11. Badiliko dogo la kila siku limeleta punguzo la zaidi ya theluthi mbili. Chandarua chenye dawa kinafanya hivyo hasa: kinamzuia mbu asiume, na akikigusa kinamfupishia maisha.

Hesabu hiyo imepimwa hapa. Katika miaka ya 1950 Rudolf Geigy wa Basel, Uswisi, alianzisha maabara Ifakara, iliyokuja kuwa Taasisi ya Afya Ifakara tunayoijua leo. Utafiti uliofanywa kijijini Namawala karibu na mwaka 1990 ulionyesha kwamba mtu mmoja aliweza kuumwa na mbu wenye vimelea zaidi ya mara 300 kwa mwaka. Ndipo ukaja mradi wa vyandarua katika wilaya za Kilombero na Ulanga, na wengi wenu mnakumbuka vyandarua na dawa zenye jina la Zuia Mbu. Matokeo yalichapishwa mwaka 2001: kwa watoto wa kuanzia mwezi mmoja hadi miaka minne, vyandarua vyenye dawa vilihusishwa na ongezeko la asilimia 27 la kunusurika. Nyuma ya hesabu ya Ross na Macdonald kuna kina mama wa Kilombero waliokubali kuhesabiwa, vijana waliokesha wakikamata mbu, na wasaidizi wa utafiti waliotembea kijiji kwa kijiji. Majina yao hayamo kwenye fomula. Kazi yao imo.

Basi wanafunzi, nawaomba kila mnapokutana na fomula mpya mwiulize mambo matatu. Nani aliuliza, na alikuwa anataka kujua nini? Alipima nini, na kwa kifaa gani? Na fomula hii inaacha nini nje? Yaandikeni majibu hayo chini ya fomula kwenye daftari. Maksi za kuoanisha mtazipata tu, na mtapata na kile ambacho mtihani hauwezi kuwapa.

Walimu, mkipata dakika tano mwanzoni mwa kipindi, mtoe swali kabla ya fomula.

Na wazazi, niliwaambia mna sehemu yenu. Mtoto akikuuliza kwa nini maji ya mtungi ni ya baridi, kwa nini redio inakwaruza mvua ikikaribia, kwa nini mto unajaa hata siku ambayo hapa kwetu haikunyesha, usimwambie anyamaze. Kama hujui, mwambie hujui, na mwende pamoja mkamwulize anayejua, au mkapime wenyewe. Watu niliowataja jioni hii wote walianzia hapo, na mmoja wao alivaa sare ya shule ya Tanzania.